UZI: Krismasi majumbani mwa Waingereza siku hizi, kuanzia pudini ya Novemba hadi mti kutolewa nje

#1 Karafuu Kavu (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu. Kila ikikaribia Desemba maswali humu yanajirudia: mtu kaalikwa chakula cha Krismasi na Waingereza, mwingine kaolewa huko, mwingine watoto wake wanasoma huko na wamerudi na barua ya shule inayotaka kilemba cha mchungaji wa kondoo kesho asubuhi. Tuweke yote sehemu moja. Anayejua jiko aongee jiko, anayejua kanisa aongee kanisa.

Kwanza toeni theluji kichwani. Kusini mwa England siku hiyo mara nyingi ni mawingu na manyunyu tu. Giza ndilo la kujiandaa nalo: London jua linazama kabla ya saa 10 jioni. (Saa zote humu ni za huko Uingereza, ila zimehesabiwa kwa Kiswahili, msije mkaleta mkanganyiko.)

Pili, dini. Sensa ya 2021 ya England na Wales ilikuta Wakristo asilimia 46.2 na wasio na dini asilimia 37.2. Lakini nyumba isiyokanyaga kanisani mwaka mzima nayo inapamba mti na kuchoma bata mzinga. Ukialikwa usishangae hakuna sala kabla ya kula, na usishangae ikiwepo.

Tatu, na hili ndilo linalotawala mengine: Krismasi yao ni ya ndani, na siku nzima inaendeshwa na oveni. Kwetu pilau liko uani, mbuzi yuko kwenye mkaa pembeni, mawifi na majirani wanamenya na kukaanga kwa wakati mmoja. Wao wana oveni moja yenye rafu mbili tatu na vyakula sita vinavyoigombania. Ukiijua ratiba ya oveni umeijua sikukuu yao.

Nne, usafiri. Tarehe 25 treni karibu nchi nzima hazitembei, na London mabasi na treni za chini ya ardhi zinalala. Tarehe 26 ziko chache. England na Wales kuna sheria ya 2004 inayoyafungia siku ya Krismasi maduka yenye zaidi ya mita za mraba 280. Viduka vya mtaani vinaruhusiwa kufungua. Kwa hiyo aliyealikwa na hana gari apange mapema nani atamrudisha, au abebe nguo za kulalia.

Karibuni mshushe nondo.

#2 Fundi Jiko

Naanza na pudini maana ndiyo inayoanza kwenye kalenda. Siku yake ni Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio (majuma ya kungoja Krismasi), inaitwa Stir-up Sunday, jina lililotoka kwenye sala ya siku hiyo katika kitabu cha sala cha Kianglikana, inayoanza kwa kumwomba Mungu aamshe mioyo ya watu wake. Neno hilohilo la Kiingereza ni la kukoroga, basi wapishi wakalidaka. Kila mtu wa nyumba anakoroga mara moja, kutoka mashariki kwenda magharibi kwa heshima ya Mamajusi, na kuomba jambo moyoni bila kulitaja. Desturi ya zamani inataka viambato 13, kwa ajili ya Yesu na mitume 12. Siku hizi wengi hununua dukani, ila wanaopika bado wapo.

Kwa bakuli la lita 1.2, watu 8:

zabibu kavu za aina mbili tatu, jumla gramu 400, mafuta magumu ya figo la ng'ombe yaliyokunwa, au ya mimea, gramu 120, chenga za mkate gramu 110, unga wa ngano wenye hamira ya unga gramu 60, sukari nyeusi yenye unyevu gramu 180, mayai 2, tufaha 1 la kukuna, ganda la chungwa na la limau, mdalasini, kungumanga na karafuu ya unga, jumla kijiko cha chai kimoja na nusu, bia nyeusi mililita 150, brandi vijiko 2 vya mezani.

Changanya, funika, acha ilale usiku mmoja. Paka bakuli siagi, jaza, ukibakiza nafasi ya vidole viwili juu. Funika kwa karatasi ya kuokea na foili juu yake, zote mbili zikunjwe pindo moja katikati. Hilo pindo si urembo: pudini inavimba, na bila pindo karatasi inachanika na mvuke unaingia. Funga uzi chini ya ukingo wa bakuli, kisha pitisha uzi mwingine juu uwe mpini, la sivyo hutajua utaitoaje sufuriani ikiwa ya moto.

Mvuke saa 8 mfululizo, maji yafike nusu ya bakuli. Yanapopungua ongeza maji YANAYOCHEMKA. Ukimwaga ya baridi, moja, mchemko unakatika. Mbili, bakuli la kauri linaweza kupasuka. Kosa kubwa kuliko yote ni kusahau sufuria mpaka ikauke. Sarafu kadhaa au gololi chini ya sufuria zinasaidia: zikinyamaza kugonga ujue maji yameisha.

Ikipoa badilisha karatasi, iweke kabatini pakavu penye baridi hadi siku yenyewe. Siku hiyo mvuke tena saa 2. Haionekani tofauti ukiitazama, lakini inakuwa nyeusi zaidi na ladha inatulia.

#3 Mwana wa Pangani

Mkuu umeruka sarafu! Si wanaficha sarafu ya fedha ndani na atakayeipata ana bahati ya mwaka?

Na ule moto wa bluu juu ya pudini, mbona wengi wakijaribu hauwaki?

#4 Fundi Jiko

Sarafu ipo, zamani ile ya fedha ya peni sita. Tatizo lake ni mbili. Mtoto au mzee anaweza kuimeza au kuvunja jino. Na kuna wanaoipasha pudini kwenye maikrowevu huku sarafu imo ndani, cheche zinaruka. Wanaojua wanaichemsha, wanaifunga kwa karatasi, halafu wanaichomeka chini ya kipande wakati wa kugawa. Bahati haipungui.

Maikrowevu yenyewe inafaa, dakika chache kwa vipindi vya dakika moja moja, foili imetolewa. Ukiiachia dakika kumi mfululizo sukari ya katikati inaungua kuwa mkaa huku nje ikiwa laini, na mpaka harufu itoke umeshachelewa.

Moto: kinachowaka ni mvuke wa kileo, si kimiminika chenyewe, na brandi ya baridi haitoi mvuke wa kutosha. Pasha vijiko 3 vya mezani kwenye kisufuria kidogo, itoe moshi mwembamba tu, isichemke maana kileo kitapaa chote. Ondoa jikoni, washa kwa kiberiti kirefu, mwagia juu ya pudini. Zima taa za chumba kwanza, moto wa bluu hauonekani kwenye mwanga. Na usimwage moja kwa moja kutoka chupani, kamwe. Moto unapanda hadi chupa. Mapambo ya karatasi yakae mbali, na lile jani la mholi (holly) lenye miiba juu ya pudini liondolewe kabla ya kuwasha, vinginevyo linaungua kwa kupasukapasuka. Tunda lake jekundu lina sumu, lisiliwe.

#5 Mama Oveni

Bata mzinga sasa, niachieni mimi.

Ukubwa: kilo 4 hadi 5 watu 6 hadi 8 wanashiba na kinabaki cha kesho. Watu wananunua kilo 9 kisha wanagundua hapiti mlangoni mwa oveni. Pimeni oveni kabla ya kuagiza.

Kuyeyusha: aliyegandishwa anahitaji saa 10 hadi 12 kwa kila kilo ndani ya friji. Wa kilo 5 ni saa 50 hadi 60, kwa hiyo anatoka friza tarehe 22 jioni. Akitolewa usiku wa tarehe 24, asubuhi katikati ni barafu. Nje ataungua, ndani damu. Hiki ndicho chanzo cha watu kuumwa matumbo kila mwaka. Trei chini yake, rafu ya chini kabisa, maji yake yasidondokee vyakula vingine.

Msimwoshe. Najua kwetu kuku asiyeoshwa kwa limau ni aibu ya ukoo, lakini maji ya bomba yanarusha bakteria kwenye sinki, kabati na bakuli la saladi. Moto ndio unaoua vijidudu. Mkausheni kwa karatasi za jikoni tu. Na ingizeni mkono tumboni: mara nyingi kuna kifuko chenye shingo, firigisi na moyo. Kikisahaulika plastiki inayeyukia ndani. Firigisi na shingo zichemsheni kwa supu ya mchuzi.

Muda kwa nyuzi 180 (oveni ya feni nyuzi 160): chini ya kilo 4.5, dakika 45 kwa kilo ongeza 20. Kilo 4.5 hadi 6.5, dakika 40 kwa kilo. Zaidi ya 6.5, dakika 35 kwa kilo. Ukimjaza kitu tumboni, pima uzito baada ya kumjaza. Mimi nasema msijaze: mchanganyiko wa mkate, kitunguu na majani ya sage okeni pembeni kama vitonge, unaiva vizuri na tumbo linapitisha joto. Tumboni wekeni nusu limau na kitunguu basi.

Siagi laini chini ya ngozi ya kifua. Foili juu, iondolewe dakika 40 za mwisho ngozi ipate rangi. Kipimajoto kichomwe penye nyama nene kati ya paja na kifua, kisiguse mfupa: nyuzi 70 kwa dakika 2 zisizopungua. Usiye na kipimajoto, choma paja, maji yatoke meupe na nyama isiwe na uwaridi.

Halafu AKAE. Dakika 45 hadi saa nzima, foili kwa ulegevu. Wageni watasema atapoa. Wa kilo 5 hapoi kirahisi. Ukimkata papo hapo maji yote yanaishia kwenye ubao na kifua kinakuwa pamba. Na muhimu zaidi, akitoka yeye oveni inabaki huru kwa viazi. Hapo ndipo siri ilipo.

#6 Karafuu Kavu

Mama Oveni, tupangie saa kabisa, tuseme bata mzinga wa kilo 5 na chakula saa 8 mchana.

#7 Mama Oveni

Haya.

2:40 asubuhi atoke friji. 3:15 oveni iwashwe. 3:40 aingie, atakaa saa 3 na dakika 20. Kati hapo watoto wanafungua zawadi na watu wazima wanakula kidogo, msile sana.
6:30 pudini ianze mvuke wake wa pili. Muda huohuo viazi vichemke.
7:00 atoke, oveni ipandishwe hadi nyuzi 220, trei ya mafuta iingie ipate moto.
7:05 viazi viingie. 7:15 zile karoti nyeupe tamu, parsnip, zilizopakwa mafuta na asali kidogo.
7:15 mchuzi: kwenye trei ya bata mzinga engua mafuta ya juu, bakiza vijiko 2, unga kijiko 1, koroga, mimina supu ya firigisi mililita 600 kidogo kidogo. Ukimwaga yote mara moja unapata mabonge.
7:25 soseji ndogo zilizoviringwa kwa bekoni, pamoja na vile vitonge vya mkate.
7:45 vikabichi vidogo, Brussels sprouts, kwenye maji yanayochemka yenye chumvi, dakika 5 tu.
8:00 mezani. 8:45 pudini. 9:00 televisheni.

Viazi vina sheria zake. Aina ya unga, Maris Piper au King Edward, gramu 250 kwa mtu. Vya nta, visivyo na unga mwingi, haviwi vikavu nje hata uvichome hadi Pasaka. Menya, kata vipande vya ukubwa wa yai, chemsha dakika 8 hadi 10, chuja, viache vitoe mvuke dakika 5, kisha tikisa sufuria kwa nguvu mpaka kingo zichubuke. Kule kuchubuka ndiko kunakokuja kuwa ganda la kukauka. Mafuta ya bata bukini au ya alizeti yawe ya moto kiasi kwamba kiazi kikiingia kinalia. Dakika 50 hivi, geuza mara moja. Vikibanana kwenye trei vinajipika kwa mvuke wao na kuwa kama viazi vya shule ya bweni.

#8 Nairobi Baridi

Hizo sprouts ndizo zenye zile kelele za gesi siyo 😂 Kila Mwingereza analalamika lakini kila mwaka ziko kwa sahani. Kwa nini basi?

#9 Mama Oveni

Kosa ni la jiko. Zikichemka zaidi ya dakika 7 au 8 zinatoa salfa, harufu ya yai bovu. Vizazi vizima walichemshiwa dakika 20. Ile tabia ya kukata msalaba kwenye kitako nayo haina faida, inaingiza maji tu. Katia katikati, kaanga kwa siagi na vipande vya bekoni au karanga za chestnut, utaona watu wanaomba tena.

Nyongeza kwa watu wa karafuu: sosi ya mkate. Kitunguu kimoja kizima, kichomekwe karafuu 8, kiwekwe kwenye maziwa mililita 500 ya moto yasiyochemka, dakika 30. Toa kitunguu, tia chenga za mkate gramu 100, siagi, kungumanga. Hesabu karafuu zikitoka ziwe 8 vilevile. Moja ikibaki kuna mgeni atakayeitafuna.

#10 Bint Shariff

Naomba upande wa halali. Waislamu wengi wanaalikwa na majirani au wafanyakazi wenzao na wanaona haya kuuliza.

#11 Fundi Jiko

Bint Shariff, uliza wiki mbili kabla, si mlangoni. Mwenyeji Mwingereza ameshazoea kuuliza nani hali nini; kinachomkera ni kujua sahani ikiwa mezani. Bata mzinga wa halali anapatikana kwenye mabucha ya halali ya miji mikubwa, ila huagizwa mapema.

Mitego iko pembeni. Soseji na bekoni ni nguruwe, na bekoni mara nyingi hutandazwa juu ya kifua cha bata mzinga mwenyewe, mafuta yake yakashuka kwenye mchuzi. Viazi huenda vimechomwa kwa mafuta ya mnyama. Pudini na keki za dukani nyingi zina kileo, soma kibandiko. Vile vipai vidogo wanavyoviita mince pies havina nyama siku hizi, jina limebaki tu kutoka zama za kondoo ndani, lakini vina matunda yaliyolowekwa brandi na mafuta ambayo huenda ni ya ng'ombe. Peremende laini za mapambo nyingi zina jelatini.

Pudini isiyo na kileo inawezekana kabisa: badala ya bia na brandi tumia chai ya rangi nzito na juisi ya chungwa, mafuta ya mimea, na kwa kuwa haina kileo cha kuihifadhi iandaliwe wiki moja kabla na ikae friji. Moto wa bluu utaukosa, basi.

Kwa wasiokula nyama mambo ni yaleyale: wanaokewa mkate wa karanga na mboga, na kinachoharibu si huo mkate bali mchuzi uliotoka trei ya bata mzinga. Andaa mchuzi wa pili wa supu ya mboga kwenye jagi lenye alama.

#12 Mwalimu Jioni

Kanisa limesahauliwa, ngoja niliingize. Mkesha ndio wenye watu kuliko siku yenyewe: ibada ya watoto alasiri na misa ya usiku wa manane. Chuo cha King's, Cambridge, wana ibada ya masomo tisa na nyimbo tarehe 24 saa 9 alasiri, tangu 1918, na BBC wanairusha redioni. Kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 12 jioni. Mtoto mmoja wa kwaya anafungua peke yake bila kinanda, na huambiwa kuwa ndiye yeye muda mfupi tu kabla ya kuanza.

Ibada inayowachanganya wageni ni Christingle. Asili yake ni Wamoravian wa Ujerumani, 1747, hao hao ambao kanisa lao watu wa Mbeya na Tabora wanalijua vizuri. Waanglikana wa England waliianza 1968 kupitia The Children's Society, shirika la hisani la watoto. Shule au kanisa likikuambia ulete vifaa, ni hivi: chungwa, utepe mwekundu, mshumaa mdogo, vijiti 4 vya meno, foili, na zabibu kavu au peremende laini. Chungwa ni dunia, utepe ni damu ya Kristo, mshumaa ni nuru, vijiti ni majira manne au pembe nne za dunia na mazao yake.

Kata msalaba juu ya chungwa, weka kipande cha foili cha sentimita 7 hivi kwa 7 juu yake, kisha sukuma mshumaa upite na foili yake. Foili inadaka nta isimwagike kwenye vidole vya mtoto. Utepe kiunoni, ubanwe kwa vijiti. Peremende zifunike ncha za vijiti zote, maana ncha tupu iko usawa wa jicho la mtoto aliye mbele. Chungwa liwe gumu. Lililolainika mshumaa unalala. Nywele ndefu zifungwe kabla ya taa kuzimwa, ajali zake ni za nywele za aliyekaa kiti cha mbele. Makanisa mengine sasa yanatumia vijiti vya mwanga.

Kilemba cha mchungaji kwenye igizo la shule, mleta uzi: taulo la kufutia vyombo na kamba ya gauni la kuogea. Msishone kitu.

#13 Mwana wa Pangani

Kraka je? Zile karatasi zinazolipuka.

#14 Karafuu Kavu

Zilianzishwa na Tom Smith, mtengeneza peremende wa London, 1847. Kofia za karatasi ziliongezwa baadaye na mwanawe Walter. Ndani ya bomba la boksi kuna kofia ya taji, kizawadi cha plastiki, kichekesho kibovu kwa makusudi, na ukanda wenye chembe ya fulmineti ya fedha. Msuguano ndio unaolipua. Watu hukaa duara, mikono wamekunja msalaba kifuani, kila mmoja anashika ncha ya jirani. Anayebaki na kipande kirefu ndiye mwenye vilivyomo. Isipolia mara nyingi umeshika boksi bila kushika ule ukanda. Bana vyote pamoja, vuta polepole, usikwanyue.

Kofia inavaliwa. Hata babu jaji anavaa, mpaka mwisho wa chakula. Kukataa ndiko kunakoonekana kiburi. Kichekesho husomwa kwa sauti na wote huguna.

Kuzinunua lazima uwe umefika miaka 12. Kuzipeleka nyumbani kwa ndege ni suala jingine: mashirika mengi yanakataa, mengine yanakubali zikiwa kwenye boksi la dukani ambalo halijafunguliwa. Angalieni kabla ya kufunga sanduku.

#15 Wifi Mkubwa

Nizungumzie watoto na zawadi, maana hapo familia hugombana.

Soksi na zawadi za chini ya mti ni vitu viwili. Soksi inaning'inizwa usiku wa tarehe 24 kwenye kitanda au mekoni, inajazwa na Father Christmas: vitu vidogo, sarafu za chokoleti, na tanjarini kwenye kidole. Za chini ya mti zinatoka kwa watu wenye majina. Mkesha mtoto anaacha kipai kimoja, glasi ya maziwa au mvinyo wa sheri, na karoti ya paa wa Aktiki wanaovuta gari la Father Christmas. Mzazi akumbuke kuing'ata karoti hiyo na kuacha alama za meno, watoto wa miaka saba wanakagua kama polisi wa trafiki. Karatasi ya kufungia zawadi ya Father Christmas iwe tofauti na ya wazazi, na mwandiko pia.

Muda wa kufungua kila nyumba na sheria yake: asubuhi wote kwa pamoja, mmoja mmoja kwa zamu, au baada ya chakula. Mgeni asiguse mpaka aone wenyewe wanafanyaje. Watu wazima wengi wamehamia kuchaguana kwa siri, mtu ananunua zawadi moja tu kwa kiwango kilichokubaliwa. Kiheshimuni. Ukivuka kiwango umemwaibisha aliyekununulia.

Wekeni risiti ya zawadi, ile isiyo na bei. Kitu kisicho na kasoro kilichonunuliwa dukani, duka halilazimiki kisheria kukipokea tena. Ni sera yao tu. Kilichonunuliwa mtandaoni kwa kawaida mnunuzi ana siku 14 tangu kimfikie.

Karatasi zilizochanwa: finyanga mkononi. Ikibaki imefinyangika ipelekwe kwenye pipa la karatasi, ikijikunjua ina plastiki, hiyo ni taka ya kawaida. Za kumetameta nazo haziendi.

Mgeni abebe nini? Chupa au boksi la chokoleti na maua. Usibebe chungu cha pilau bila kuuliza. Oveni na meza vimeshapangwa na mwenyeji atakosa pa kukiweka. Fika kwa dakika uliyoambiwa, kuchelewa dakika tano si kitu, kuwahi nusu saa ni balaa. Na saa 9 Mfalme anahutubia, dakika kumi hivi. Ilianza redioni 1932 na George V, televisheni 1957. Nyumba nyingine wananyamaza wote, nyingine wanaosha vyombo. Simama upande wa wenye nyumba.

#16 Nairobi Baridi

Scotland je? Huko si ni mwaka mpya zaidi?

#17 Mwalimu Jioni

Ni kweli. Kanisa la Scotland baada ya Matengenezo (Waprotestanti walipojitenga na Roma) liliipiga vita Krismasi, na 25 Desemba haikuwa sikukuu ya taifa huko mpaka 1958; Boxing Day, yaani tarehe 26, ni 1974. Ndiyo maana Hogmanay, mkesha wa 31, ina nguvu, na tarehe 2 Januari nayo ni mapumziko. Anayevuka kizingiti kwanza baada ya saa 6 usiku inapendwa awe mwanamume wa nywele nyeusi, na makaa, biskuti za siagi au wiski mkononi. Siku hizi Krismasi ya Glasgow na ya Birmingham mezani hazipishani sana. Wales wana Plygain, nyimbo za alfajiri bila ala, zinazoimbwa na familia na vikundi vidogo kwa zamu.

#18 Mama Oveni

Boxing Day kwa kifupi: mpira, matembezi ya matope, na mabaki. Nyama itolewe mfupani na iingie friji ndani ya saa 2, iliwe ndani ya siku 2. Msiiache mezani mpaka jioni kwa sababu nyumba ni ya baridi. Sebule ina joto kuliko mnavyodhani. Viazi na sprouts vinapondwa pamoja na kukaangwa kama chapati nene, wanaita bubble and squeak. Kikiachana kwenye kikaango ni kwamba hakikuachwa kishike rangi upande mmoja kabla ya kugeuzwa. Nyama inakwenda kwenye mchuzi wa bizari, na hapo ndipo mgeni kutoka pwani anaombwa aingie jikoni.

#19 Wifi Mkubwa

Mti haujaguswa. Msonobari wa Nordmann hauangushi majani sana, wa Norway una harufu nzuri ila baada ya wiki mbili zulia lote ni sindano. Ukifika nyumbani kata sentimita 2 hadi 3 za kitako, kwa sababu utomvu umeshaziba pale palipokatwa shambani na mti hautakunywa. Simamisha kwenye chombo cha maji mara moja. Siku ya kwanza unaweza kunywa lita 2. Maji yakishuka chini ya kitako hata mara moja, panaziba tena. Mbali na hita. Taa kwanza, kutoka shinani kwenda nje na chini kwenda juu, zikiwa zimejaribiwa zikiwa sakafuni. Kisha mipira mikubwa ndani, midogo nchani. Wenye paka waache rafu ya chini bila vioo.

#20 Karafuu Kavu

Na unatolewa lini? Kuna wanaosema tarehe 5 Januari, wengine 6.

#21 Wifi Mkubwa

Ni hesabu. Ukianza kuhesabu usiku wa 25, usiku wa 12 ni 5 Januari. Ukianza 26, ni 6, siku ya Epifania. Wanaoamini nuksi huutoa tarehe 5 ili wawe salama pande zote mbili. Halmashauri nyingi huuchukua ukiwa mtupu: bila taa, bila nyuzi za kumetameta, bila chombo chake. Ufungeni kwa shuka kuukuu kabla ya kuupitisha mlangoni, kitako kitangulie. Kilele kikitangulia matawi yanajifungua kama mwavuli na sindano mtaziokota hadi Pasaka.